Viatu vya Ndani vya Sufu Vyenye Vishungi kwa Kipupwe cha Nyanda za Juu Kusini

Kiatu cha ndani chenye vishungi hufumwa kwa uzi mnene, kwa umbo la soksi fupi, ila kila baada ya vitanzi vitatu mfumaji hubana ndani ya kitanzi cha nne kipande kidogo cha sufu isiyosokotwa. Upande wa nje kipande hicho huonekana kama punje moja iliyojaa kuliko jirani zake. Upande wa ndani ncha zake mbili huachwa zikining'inia. Kiatu kimoja cha mtu mzima hubeba vishungi zaidi ya mia moja, hivyo ndani huwa na manyoya mazito yanayoufunika mguu wote, kuanzia kisigino hadi karibu na ncha za vidole. Kiatu kinapovaliwa siku hadi siku, joto la mwili, jasho na msuguano huyashikamanisha manyoya hayo mpaka yanakuwa bitana moja nene isiyohitaji kushonwa.

Ufundi huu unajulikana zaidi kwa wafumaji wa Newfoundland na Labrador, mashariki mwa Kanada, ambako hutumika hasa kwa glavu za kazi za nje wakati wa baridi. Asili yake ni kubana matumizi. Nguo ikishafumwa na kukatwa kutoka kwenye kitanda cha mfumi, ncha za nyuzi za mtande hubaki zimefungwa mtamboni, fupi mno kufumia kitu kingine. Aliyewahi kuingia karakana ya Neema Crafts mjini Iringa, iliyoanzishwa mwaka 2003 na ambako watu wenye ulemavu hufuma nguo kwa mikono, anazijua ncha za namna hiyo. Kule kwenye baridi kali, ncha za sufu hazikutupwa. Zilijazwa kwenye kofia na glavu. Jambo hilo lafaa kushikwa tangu mwanzo, kwa sababu ndilo linaloufanya ufundi huu uwezekane Mbeya na Iringa, ambako sufu mbichi ni adimu: bitana hutengenezwa kwa mabaki, na mabaki ya sufu yapo tele sokoni.

Haja ya kiatu kama hicho haihitaji kuelezwa sana kwa mkazi wa Nyanda za Juu Kusini. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe hukaribia mita 2,000, na uwanda wa Kitulo huko Makete ni wa juu zaidi, mita 2,600 hivi. Kati ya Juni na Agosti joto la usiku Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na Makete asubuhi nyingine umande hukutwa umeganda majanini. Nyumba nyingi ni za tofali na bati, na sakafu yake ni saruji. Saruji hunyonya joto la mguu upesi kuliko mbao, na kandambili ya mpira huacha kisigino na vidole vyote wazi. Ndiyo maana mtu anaweza kuvaa sweta na koti ndani ya nyumba na bado akatetemeka.

Kinachozuia baridi si sufu yenyewe bali hewa iliyotulia katikati ya nyuzi zake. Unywele wa sufu una mawimbi madogo, hivyo hata ukibanwa hurudi na kuacha nafasi ya hewa. Tena sufu hunyonya unyevunyevu wa jasho hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi majimaji. Chini ya unyayo, hata hivyo, uzito wa mwili huikandamiza bitana na kuifukuza hewa. Hapo vishungi peke yake havitoshi, na kila kiatu cha kuvaliwa kwenye saruji kinahitaji soli ya ziada, kama itakavyoonekana mbele.

Kondoo wengi wa Tanzania ni wa nywele fupi, hawana sufu ya kukata. Kenya hali ni tofauti: mashamba ya nyanda za juu upande wa Nyandarua, Molo na Nanyuki yamefuga kwa muda mrefu kondoo wa sufu kama Merino na Corriedale. Anayepata sufu mbichi kutoka huko huiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, akiizamisha na kuibonyeza taratibu bila kuisugua, kisha huisuuza kwa maji ya joto lile lile. Maji yakibadilika ghafla kutoka moto kwenda baridi huku sufu ikisukwasukwa, manyoya hukakamaa na kuwa mabonge. Ikikauka kivulini huchanuliwa kwa brashi ngumu mpaka nyuzi zilale upande mmoja.

Kwa wengi, hata hivyo, njia iliyo karibu ni mitumba. Katika masoko ya Mbeya kama Mwanjelwa masweta ya sufu huja mengi, na yaliyochakaa viwikoni au yaliyoliwa na nondo huuzwa kwa bei ya kutupa. Lebo ya ndani ikiwepo husomwa kwanza. Isipokuwepo, uzi mmoja huchomolewa na kuchomwa kwa kiberiti, mbali na nguo nyingine. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Akriliki, ambayo ndiyo hasa nyuzi nyingi za sweta zinazouzwa madukani, huyeyuka na kuacha tone jeusi gumu. Akriliki ina joto lake na huvumilia kufuliwa ovyo, lakini haishikamani kuwa bitana: vishungi vyake hubaki vimelegea na mwishowe huchomoka. Kiatu cha nje kinaweza kufumwa kwa akriliki kama hakuna jinsi. Vishungi lazima viwe sufu.

Pamba huwashawishi wengi kwa kuwa ipo kila mahali na ni laini. Ikibanwa hulala na hairudi, na ikishika jasho hukaa na unyevu usiku kucha, mguu ukawa baridi kuliko ulivyokuwa. Sufi ya mti wa msufi ni nyepesi na ina joto, ila nyuzi zake ni fupi, zinateleza kwa nta yake ya asili, na hazing'ang'anii kitu. Ndani ya mto ulioshonwa pande zote hufaa sana; ndani ya kitanzi kilicho wazi hutoka unga kwa unga mpaka imekwisha.

Masweta ya mtumba yanayofumuka ni ya aina mbili, na tofauti iko kwenye mshono wa ubavuni. Sweta ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake huwa na ukingo safi kwenye mshono. Ukifunguliwa, uzi hutoka mfululizo kutoka shingoni hadi chini, na huo ndio wa kufumia kiatu. Uzi huo huzungushwa kwenye mgongo wa kiti, hufungwa sehemu nne kwa kamba, huloweshwa kwa maji ya uvuguvugu na kutundikwa mpaka mikunjo yake inyooke. Ukiwa mwembamba, nyuzi mbili au tatu huunganishwa na kufumwa kwa pamoja. Sweta la pili ni lile lililokatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa na kushonwa kwa ovaloki. Hilo likifumuliwa uzi hutoka vipande vipande, kila kimoja cha mstari mmoja tu wa sweta, na wafumaji wengi hulikataa. Kwa kazi hii lisikataliwe, maana vipande vile ni sawa na ncha za mtande zilizoanzisha ufundi wote. Kipande hukatwa urefu wa sentimita 10, hushikwa ncha mbili na kusokotolewa kinyume cha msokoto wake mpaka nyuzi zake ziachane, kisha huchanuliwa kwa kitana. Vipande vitatu au vinne vikichanuliwa pamoja hutoa kishungi kimoja kizuri. Lipo pia sweta la tatu, lililoharibiwa na maji ya moto likasinyaa na kuwa gumu. Halifumuki tena kabisa, na litafaa kwa soli.

Sindano zinazohitajika ni za unene wa milimita 5, ambazo kwa vipimo vya zamani vya Kiingereza ni namba 6. Namba ikipanda, sindano huwa nyembamba zaidi. Spoku za baiskeli ambazo wafumaji wengi wamejifunzia zina unene wa milimita 2 hivi, na hutoa vitanzi vilivyobana mno kuingiza kishungi. Iringa na Njombe, ambako mianzi ya ulanzi imezunguka mashamba, sindano huweza kuchongwa nyumbani: mwanzi uliokomaa na kukauka hupasuliwa, huchongwa kwa kisu hadi unene uwe sawa kote, hulainishwa kwa msasa na kupakwa nta ya nyuki. Zinatakiwa sindano tano, kila moja na ncha pande zote mbili, urefu wa sentimita 20. Ukali wa ncha si muhimu kuliko ulaini wa mwili wote, kwa sababu kipande kimoja kinachokwaruza kitashika kila kishungi kinachopita.

Kabla ya kazi hufumwa kipande cha majaribio. Vitanzi 16 vikitoa upana wa sentimita 10, na mistari 22 ikitoa urefu wa sentimita 10, vipimo vinavyofuata vitakuwa sahihi. Vikitoa pungufu ya hapo, mkono umebana, na sindano nene kidogo hutumika. Mfano ulioelezwa hapa ni wa mguu wa sentimita 24, mguu wa wanawake wengi. Kwa jozi moja gramu 100 za uzi na gramu 50 za sufu ya vishungi hutosha.

Vishungi hutengenezwa vyote kabla, vikawekwa kwenye bakuli. Sufu ya urefu wa sentimita 10, nene kidogo kuliko njiti ya kiberiti inapobanwa, hukunjwa ncha zake zikutane katikati na kupishana. Katikati hapo husokotwa kwa kidole gumba na cha shahada mara moja au mbili, kikawa kama kipepeo aliyefungwa kiuno. Vishungi vikiwa vinene mno kiatu hukakamaa na hakiingii mguuni. Vikiwa vyembamba, bitana huacha mapengo. Hapa ndipo penye ubora wote wa kazi, na mfumaji mwenye haraka hujulikana kwa bakuli lake.

Kazi huanzia kisigino. Vitanzi 40 huanzishwa kwenye sindano mbili na kufumwa kwenda na kurudi, mistari yenye namba witiri upande wa nje, kwa vitanzi vya mbele, na yenye namba shufwa upande wa ndani, kwa vitanzi vya nyuma. Vitanzi vitatu vya kila ukingo hufumwa vya mbele siku zote, kwenda na kurudi, ili ukingo usijikunje. Mistari minne ya kwanza haina vishungi, kwa kuwa hapo ndipo mshono wa kisigino utakapopita.

Mstari wa tano ndio wa kwanza wenye vishungi. Mfumaji huingiza sindano kwenye kitanzi cha tano, huweka kiuno cha kishungi juu ya ncha ya sindano sambamba na uzi, na kuvuta vyote viwili pamoja kupitia kitanzini. Ncha za kishungi huanguka upande wa ndani. Kisha hufuma vitanzi vitatu vya kawaida na kuweka kishungi kingine kwenye kitanzi cha tisa, na kuendelea hivyo kila kitanzi cha nne, mpaka karibu na ukingo. Katika mstari unaofuata, kishungi na uzi uliokaa nacho hufumwa kwa pamoja kama kitanzi kimoja. Mfumaji asiyeangalia huvihesabu viwili, na kazi hupanuka bila sababu. Baada ya hapo kishungi huvutwa ncha zake kwa upande wa ndani mpaka uzi unaokifunga ulale vizuri. Vishungi hurudi mstari wa 9, wa 13, na kila mstari wa nne, lakini kila safari huanza vitanzi viwili kando ya vile vya awali, ili visisimame safu moja na kuacha njia za baridi katikati.

Mistari 28 ikikamilika, sehemu ya kisigino na mdomo wa kiatu imekwisha. Vitanzi hugawanywa kumi kumi kwenye sindano nne, na ya tano hutumika kufumia, kwa mzunguko, upande wa nje ukimwelekea mfumaji muda wote. Kitanzi cha kwanza baada ya kuunganisha hukazwa kuliko kawaida, kwa sababu hapo juu ya mguu ndipo kiatu huvutwa kila kinapovaliwa. Huzungushwa mistari 20, yenye vishungi kumi katika kila mzunguko wa nne. Kisha vidole huanza kufungwa: mzunguko mmoja wa vitanzi viwili vya kawaida na viwili vilivyofumwa pamoja, vikabaki 30, mizunguko miwili bila kupunguza, wa kwanza ukiwa na vishungi vya mwisho, mmoja wa kitanzi kimoja cha kawaida na viwili vya pamoja, vikabaki 20, miwili bila kupunguza, na mmoja wa mwisho wa viwili viwili, vikabaki 10. Uzi hukatwa, hupitishwa ndani ya vitanzi hivyo kwa sindano ya kushonea, hukazwa na kufichwa ndani.

Kwa mguu wa mtoto wa sentimita 18 huanzishwa vitanzi 32, mistari 20 ya kwenda na kurudi na 15 ya kuzunguka kabla ya kupunguza. Kwa mguu wa mwanamume wa sentimita 27 ni vitanzi 44, mistari 32, kisha 23. Upunguzaji wa vidole haubadiliki. Kiatu kipya lazima kibane kidogo, kwani bitana ikilala nafasi huongezeka.

Kisigino kikikunjwa na kushonwa moja kwa moja hutoka na ncha kali inayosimama nyuma. Njia nzuri ni kuacha vitanzi vinane vya katikati ya ukingo wa mwanzo, kushona vilivyobaki kumi na sita kwa kumi na sita kutoka juu kwenda chini, kisha kuvuta vile vinane na kuvishona kukingama mshono, ukawa na umbo la herufi T iliyogeuzwa. Mshono huo hushonwa kwa uzi ule ule, ukingo kwa ukingo bila kupandishana. Mshono wenye ukuta huumiza kisigino ndani ya wiki moja.

Soli hukatwa kutoka kwenye sweta lililosinyaa, mbili kwa kila kiatu, zikifuata mchoro wa unyayo uliopigwa kwenye karatasi na kupunguzwa nusu sentimita pande zote. Moja huwekwa huru ndani ya kiatu, ikitolewa na kuanikwa kila inapobidi. Nyingine hushonwa kwa nje, na juu yake kipande cha ngozi laini kutoka kwa fundi viatu, kilichotobolewa matundu kwa msumari kila nusu sentimita ili sindano ipite. Ngozi ishonwe, isigandishwe kwa gundi: gundi hukakamaa, hupasuka na kuzuia unyevu kutoka. Hakuna sababu ya kuruka hatua hii. Sufu juu ya sakafu ya saruji laini iliyopigwa nta huteleza vibaya, na mzee akianguka usiku madhara yake ni makubwa kuliko baridi.

Watoto wachanga wasivalishwe viatu vyenye vishungi. Uzi uliolegea unaweza kuzunguka kidole kidogo cha mguu na kukata damu bila mtu kujua, na mtoto hulia tu. Wao wafumiwe soksi nene zisizo na nyuzi zilizolegea upande wa ndani. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu akague ndani ya kiatu kwa mkono kabla ya kuvaa. Na kwa wote, kiatu chenye joto ni sababu moja zaidi ya kuacha desturi ya kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa Julai na kufunga madirisha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na imeua familia zilizolala usingizi.

Viatu hivi havifuliwi mara kwa mara. Vikikutwa na vumbi, hukung'utwa na kuanikwa juani nusu siku, upande wa ndani ukiwa nje. Vikichafuka huzamishwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini, hubonyezwa bila kusuguliwa, hukamuliwa kwa kuvingirishwa ndani ya taulo na kukaushwa penye upepo vikiwa vimejazwa karatasi. Rungwe, ambako mvua na ukungu havina msimu, vikaushwe kwa joto la jiko, vikiwa mbali kidogo na moto, kwa maana sufu inayobaki na unyevu hupata harufu isiyotoka. Baridi ikiisha huwekwa vikiwa vikavu kabisa kwenye mfuko uliofungwa barabara dhidi ya nondo, na kutolewa juani mara moja kwa mwezi.

Bitana huanza kulala chini ya kisigino na chini ya vidole. Kiatu hakitupwi kwa sababu hiyo. Kishungi kipya hutungwa kwenye sindano butu yenye tundu kubwa, huingizwa kutoka ndani chini ya kitanzi kimoja cha ukuta na kurudishwa ndani, ncha zote mbili zikibaki upande wa mguu. Ishirini vya namna hiyo hutosha kurudisha unene wa kisigino, na ngozi ya chini ikitoboka hufumuliwa mshono wake na kushonewa nyingine kwenye matundu ya soli ile ile.